Mkono wa Bibi Ulipoelekea Mlangoni

Yanayofundishwa ndani kwa mwali hayasemwi nje, na mimi sitayasema hapa. Anayetaka kuyajua azaliwe mwanamke wa Kiluguru, avunje ungo, awekwe ndani na afundwe, ndipo akija tutaongea. Ninachosimulia mimi ni mambo yaliyotokea nje ya chumba mwaka ule nilipokuwa ndani, mambo yaliyoupasua ukoo wetu vipande viwili mpaka juzi juzi tu, siku niliyoingia peke yangu kwenye nyumba moja ya makumbusho mjini Morogoro, miguu imenivimba, sina nia yoyote zaidi ya kutafuta kivuli na kiti. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi. Nimewaona watu wengi wakitoka chumba cha daktari wepesi kuliko walivyoingia, wengine wakicheka peke yao koridoni, na sikuwahi kujua wanajisikiaje. Siku ile nilijua.

Ilikuwa kesho yake baada ya arobaini ya mjomba wetu Salumu, kaka wa mama yangu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Shughuli yenyewe ilifanyika jana yake nyumbani kwetu Bigwa, kwenye nyumba ile ile ya Bibi mzaa mama iliyopanda kidogo mlimani. Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake tulijazana ndani, pilau inapikwa uani. Na mama mdogo Zaina, aliyekuja kutoka Gairo, alikaa pale anapokaa siku zote: juu ya kipande cha gunia karibu na banda la mbuzi, na karanga zake za kuchemsha amezifunga kwenye pindo la kanga. Huja kwa kila msiba wetu. Hutoa pole, hulia na wenye kulia, hata vyombo huosha, lakini tangu mwaka ule hajatia tonge mdomoni katika nyumba hiyo wala hajavuka mlango wake. Watoto wetu hudhani ana vidonda vya tumbo. Nilimfuata nikamsihi aingie walau akampe mkono mjane, maana aliyemtoa katika nyumba ile ndiye huyo tuliyemsomea arobaini, na kinyongo na maiti cha nini tena. Akanitazama, akamenya karanga yake taratibu.

"Siku," akasema, "mimi mle ndani ni mwizi. Aliyenitia wizi ni mama yangu mzazi, na amekwisha kufa. Nani atakayenitoa?"

Naitwa Sikudhani, na siku ile jina lilinifaa, kwa sababu sikudhani kabisa kwamba jibu lipo, tena lipo mwendo mfupi kutoka tulipoketi. Nilichokuwa nakisikia mimi ni kifua chake. Mama mdogo ana pumu, na safari hii alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepandisha mzigo kilimani. Masikio yangu ya kazi yaliniambia kwamba misiba ya kuhudhuria haijambakia mingi. Atazikwa na jina la mwizi, nikawaza, na sisi tutakula pilau. Nilikasirika, na nikikasirika mimi huwa natembea.

Lakini ngoja kwanza nirudi kwenye chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma, cha udongo, dirisha limezibwa na gunia, na mwanga uliokuwa ukiingia ni ule wa tundu moja la panya ambalo niliomba lisizibwe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu. Kulala, kuamka, kusinga mwili, kusuka mikeka, kulala tena. Chakula changu aliniletea Zaina, mdogo wake mama, aliyekuwa kungwi wangu: uji wa mtama asubuhi, mchana ugali wa muhogo na mlenda, na siku ya bahati ndizi zilizopikwa na njegere za kutoka milimani. Zaina alikuwa binti mbichi bado, amekwisha kuposwa na kijana muuza karanga wa Gairo, na alicheka kwa urahisi mno kwa kungwi. Alitakiwa kuwa mkali. Alinikemea kwa sauti ili wakubwa wa nje wasikie, huku ndani amejiziba mdomo na kanga. Mtu anayefikiri mwali hulia gizani mwaka mzima hakuwa na Zaina.

Na nilikuwa na mwana hiti. Huyu si siri, wazee wetu walimtoa hadharani kwenye ngoma. Ni kinyago kidogo cha mbao ngumu, hakipiti urefu wa kiganja na vidole vyake, hakina mikono wala miguu, hakina macho wala mdomo. Kiwiliwili tu na kichwa chenye vishungi viwili kama nywele zilizosukwa. Wa kwetu alikuwa mkongwe, ameshikwa na mabinti wa ukoo kizazi baada ya kizazi mpaka akawa laini kama sabuni, na kishungi kimoja kilikuwa kimemeguka ncha zamani kabla hata ya mama yangu kuzaliwa. Mwali humlea. Kila siku nilimwogesha, nikampaka mafuta ya nyonyo, nikamtengeneza na kumwimbia, ili siku ya kutoka nivikwe shingoni watu wamwone. Nilimtungia ushanga wa kiunoni, mwekundu na mweupe, lakini shanga zikaniishia kabla hazijakutana. Zaina akaenda kung'oa kitufe cha sare yangu ya shule, cha buluu, chenye matundu manne na ukingo ulioliwa, tukafungia nacho. Tulicheka sana. Alisema mwana hiti wa kwanza kusoma mpaka darasa la saba ni wa kwetu. Kila jioni mimi nilimkabidhi Zaina, na Zaina alimkabidhi Bibi aliyemlaza kwenye sanduku lake.

Mwali macho yake ni masikio. Nilijua nani amekuja kwa mlio wa kandambili zake. Bibi yangu alikuwa mchuuzi wa mboga, kila wiki ana siku zake za kuteremka mjini na tenga kichwani, na akirudi alikaa upande wa pili wa ukuta wangu akawahadithia wenzake. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, Mama Dinesh, na urafiki wao ulikuwa wa kukaa ngazi moja, Bibi akichambua mchicha na mwenzake akichambua dengu. Siku moja nilimsikia Bibi akisema kwamba amekaribishwa ghorofani akaonyeshwa kabati la dini la Mama Dinesh, na humo ndani kuna mtoto wa shaba, mtoto mchanga anayetambaa, na yule mama humwogesha kila asubuhi, humvisha nguo, humlaza kwenye kibembea kidogo na kumvuta kwa kamba. Wanawake wakaguna. Mmoja akamuuliza kama hakuogopa. Bibi akasema aogope nini, mtu mzima akimlea mtoto asiye na roho ana sababu yake, na sisi tuna yetu. "Yule mama ni mwenzetu," akamaliza, na wakahamia kwenye habari ya bei ya chumvi.

Ndipo wakaja lambalamba, wale waganga wa kufichua wachawi wanaoalikwa kijiji kizima. Mjomba Salumu alikuwa mmoja wa walioafiki waitwe, kwa kuwa kulikuwa na vifo vya watoto vilivyokosa maelezo, na alikuwa mtu mwenye huruma, sitamnyima hilo. Waliingia nyumba moja hadi nyingine, wakitoa vibuyu, hirizi, vinyago, kila walichokiona cheusi na cha zamani, na kukichoma moto njia panda. Niliusikia moto wenyewe unavyopasua mbao. Siku moja kabla hawajafika kwetu, Bibi alijitwisha tenga akateremka mjini, siku ambayo haikuwa yake. Nilizisikia kandambili zake na nikashangaa, nikasahau. Walipofika, Zaina alisimama mbele ya chumba changu akawaambia humu mna mwali na hapiti mwanamume, na hawakupita. Walilipekua sanduku la Bibi, hawakuchukua kitu, wakaenda zao. Ngoma ikanyamaza, moto ukazimika, na kabla Bibi hajafunga tena safari ya mjini, akaanguka uani amekamata ufagio. Leo ningesema ni kiharusi na ningejua la kufanya. Upande wa kulia ulikufa wote, na ulimi nao.

Katika heka heka za lambalamba na za mgonjwa hakuna aliyeniletea mwana hiti, na mwali haulizi; siku zikaenda, mtu akafungua sanduku, hamna. Hapo ndipo palipoharibika. Kwenye moto wa njia panda hakuonekana, na macho yalikuwa mengi. Kwa hiyo ameibwa. Na kipindi kile kile walikuwa wanapita watu mjini wakinunua vinyago vya zamani kupeleka Ulaya, na Zaina alikuwa amevaa viatu vipya vya kufunga na kitenge ambacho hatukijui, zawadi za mchumba wake, lakini nani alisikiliza. Mjomba Salumu akaitisha kikao cha ukoo chumba cha mbele. Bibi walimlaza juu ya kitanda cha kamba katikati, mlango uko wazi kwa ajili ya hewa. Mimi mwali sina kauli kwenye kikao, nilikuwa nimebandika sikio ukutani mpaka likawa na vumbi. Zaina akaeleza: Siku alinipa, mimi nilimpa mama. Mjomba akainama kwa Bibi, na sauti yake naisikia mpaka leo, ya upole kabisa.

"Mama, mwana hiti wa ukoo amekwenda wapi? Kama unajua, tuonyeshe."

Halafu nikasikia kimya. Baadaye ndipo mama yangu aliponisimulia kilichokuwa ndani ya kile kimya. Bibi alihangaika, akaunyanyua mkono wake wa kushoto, mmoja uliobaki, akaunyoosha mlangoni. Na mlangoni, kizingitini, alikuwa ameketi Zaina. Mjomba akamuuliza tena. Bibi akanyoosha tena, kwa nguvu, mh, mh, na machozi yakamtoka jicho moja. Mama mdogo alisema maneno mawili tu, na hayo niliyasikia mwenyewe: "Mama, mimi?" Bibi akazidi kulia na kunyoosha. Na wote wakageuka kumtazama Zaina, ndugu zake wa tumbo moja, na mambo yakawa yamekwisha. Hakupigwa wala hakutukanwa. Aliambiwa tu kwamba shamba la ukoo hana tena, kungwi wa ukoo si tena, na arusi yake akaifanyie huko huko Gairo. Bibi alikufa kabla ya mvua za vuli. Jioni aliyoondoka Zaina alikuja kwenye tundu langu la panya kwa nje, akaingiza kidole kimoja, nikakishika.

Nikatolewa bila mwana hiti. Nilibebwa mabegani, ngoma zikapigwa, watu wakatunza, na kifuani sina kitu. Wanawake wakanong'ona kwamba tumbo langu litapata shida na matumbo ya wote watakaonifuata. Nimekuja kusoma uuguzi, najua mtoto anavyoingia na anavyotoka, na nimezaa watatu bila kushonwa. Lakini naapa, kila uchungu uliponishika, pamoja na elimu yangu yote, nilikumbuka kile kifua kitupu na nikaogopa. Mpaka leo ukoo wetu ukipata mimba iliyoharibika, lazima bibi mmoja atalitaja jina la Zaina. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Basi, kesho yake baada ya arobaini nikatembea na hasira zangu mpaka mjini. Mama mdogo alikuwa amelala kwa jirani, akingoja basi la siku ya pili, na mimi sikutaka kukaa ile nyumba nikisikiliza watu wakigawana masufuria. Jua lilikuwa kali. Mitaa ya nyuma ya soko nikaona jumba la zamani la ghorofa moja, la wale Wahindi wa mwanzo, limepakwa chokaa upya na kibao mlangoni: makumbusho ya mila na dini za watu wa Asia. Familia zao za zamani zimechanga vitu vyao vya nyumbani, kwa vile watoto wengi wamehamia Kanada na Uingereza na hawavihitaji. Nilikuta benchi, feni, na binti mmoja mchangamfu aitwaye Hadija, aliyenipa shikamoo safi na maji ya kunywa. Hapakuwa na mgeni mwingine. Nikaona aibu kukaa tu, nikaanza kuzunguka.

Nasema kweli, nilifurahia. Kulikuwa na kofia nyeupe za Mabohora zenye ukingo wa dhahabu, na kibao cha kukunja cha kuwekea Kurani, kilichochongwa vizuri kuliko nilichowahi kuona kwetu misikitini. Kulikuwa na bangili ya chuma na kitana cha Singasinga. Kulikuwa na Bikira Maria wa Wagoa aliyepauka pua. Chumba kimoja kilikuwa na ufagio laini sana na kitambaa cha kuziba mdomo, na Hadija akanieleza kwamba kuna Wahindi ambao dini yao haiwaruhusu kuua kiumbe chochote, watawa wao hufagia wanapopita wasikanyage wadudu, na huziba midomo wasije wakameza hata mbu. Mimi nimevaa barakoa ya wodi ya upasuaji nusu ya maisha yangu ili wadudu wasimuue mtu, nao wanaivaa ili mtu asimuue mdudu. Nilicheka mpaka Hadija akacheka. Hasira ilikuwa imeshuka, miguu nayo. Akaniambia bado ghorofani, chumba cha Wahindu, nikimaliza hapo nitakuwa nimemaliza.

Juu kulikuwa na kabati la mbao lenye milango ya vioo, limeletwa zima zima na vyote vilivyokuwa ndani yake. Nikamwona kwanza mtoto wa shaba. Anatambaa, amevaa kisketi cha zari, yuko kwenye kibembea chenye kamba. Nikamkumbuka yule wa Mama Dinesh, nikajiambia Wahindi wengi wanaye huyu. Kando yake, kwenye kibembea cha pili kilichotengenezwa kwa kisanduku cha mbao, alikaa mwingine. Mweusi, mfupi, amevaa kisketi cha zari ile ile, amepakwa alama nyekundu ya unga, na amebandikwa macho mawili madogo ya fedha yanayonitazama. Kikaratasi chake kilisema: mungu mke wa familia, mbao, pengine Gujarati. Hana mikono. Ana vishungi viwili. Kimoja kimemeguka ncha.

Nilishika ukuta. Nimewashika wengi walioanguka, nikajua nikianguka mimi yule binti hataniweza. Nikamwita.

"Hadija mwanangu, hebu mpandishe huyo sketi."

Maskini, alidhani jua limenipata. Akanijibu kwa heshima zote kwamba bibi, hairuhusiwi kugusa, na huyo ni mungu wa watu. Nikamwambia huyo si mungu wa mtu, ni mtoto wetu wa Bigwa, na chini ya sketi amevaa ushanga mwekundu na mweupe ambao haukutosha, na palipopungua pana kitufe cha buluu cha sare ya shule, ukingo wake umeliwa. Kama hakipo naondoka na naomba radhi. Hadija akanitazama, akalitazama kabati, akaenda kuchukua ufunguo. Alimpandisha sketi kwa vidole viwili kama anayemfunua mtoto wa mtu. Kitufe kilikuwepo. Na harufu ikanijia, nyonyo, bado inanata, na nikalia pale pale bila kujizuia, kilio cha sauti, mpaka mlinzi wa chini akapanda ngazi kuuliza kuna nini.

Hadija akampigia simu mwenye kabati. Akaja mzee wa makamo yangu, mvi tupu, anakokota mguu mmoja, nikaambiwa ndiye Dinesh. Hakuniuliza kitambulisho wala ushahidi. Aliniuliza tu mimi ni nani kwa Bibi wa mboga. Nikasema mjukuu. Akaketi kwenye kiti cha mlinzi, akasema, "Mama alikuwa anasema mtakuja. Kila mwaka alisema mtakuja."

Alinieleza kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa hapa, maana amezaliwa hapa. Bibi alikuja siku ambayo si yake, akatoa kitu chini ya mchicha, akamwambia mama yake: huku kwetu wanachoma, kwako hawathubutu kupekua kabati la dini, nitunzie huyu, usimpe mwanamume, hata mwanangu Salumu, mpe mwanamke wetu atakayekuja kumdai. Akamwonyesha kumwogesha na kumpaka nyonyo. Mama Dinesh akauliza anakula nini, Bibi akasema hali kitu. Baada ya hapo Bibi hakutokea tena. Mama Dinesh aliwauliza wachuuzi wengine, wakamwambia amekufa, nyumba yake ni huko juu Bigwa, wengine wakasema si Bigwa. Akangoja mwanamke wa kumdai. Kumbe mwanamke huyo sisi tulimfukuza akaenda Gairo. Mama Dinesh akaendelea kulea: akamwogesha pamoja na wa shaba, akamshonea nguo, na macho akambandika yeye, kwa sababu aliona uchungu mtoto kukaa kwake bila kuona. Na ingawa aliambiwa hali kitu, kila asubuhi alimwekea kipande cha sukari guru. Amefariki miaka michache tu iliyopita, mzee sana, na watoto wakatoa kabati zima makumbusho, wote isipokuwa Dinesh bila kujua nani ni nani humo. Kikaratasi kiliandikwa na mgeni fulani msomi. Dinesh alikiona akanyamaza, akaogopa kwamba akisema si kitu cha Kihindi watakitupa stoo.

Nimepita mbele ya lile duka la vitambaa sijui mara ngapi. Nimenunua pale kitambaa cha sare za wanangu. Ningeweza kujilaumu, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na nafasi ya kujilaumu, nilikuwa nimejaa raha kifuani kama mtu aliyerudishiwa bega lililoteguka. Bibi hakumnyooshea kidole mwanawe. Hiyo tu. Kila kitu kingine kingengoja. Dinesh akaenda kunawa mikono, akamtoa mwana hiti mwenyewe, akazungumza kidogo kwa lugha yake, akanikabidhi. Aliniomba nisimvue sketi mpaka tufike. Nikamwambia kwamba siku mwali wetu mwingine atakapotolewa, yeye na mkewe waje, wana haki kama walezi.

Nilipanda Bigwa nimemfunga kwenye kanga ndani ya mkoba. Mama mdogo alikuwa uani kwa jirani anapepeta mchele usio wake, hawezi kukaa bila kazi. Nilimwekea mwana hiti kwenye ungo. Alimtazama yule mgeni mwenye macho ya fedha asimtambue, kisha kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kishungi, kikagusa palipomeguka. Akapandisha sketi. Akakiona kitufe. Nilidhani atalia, nilikuwa tayari na dawa yake ya pumu mkononi. Mama mdogo Zaina akaanza kucheka, kicheko kile kile cha chumbani kwangu, amejiziba mdomo na kanga. "Darasa la saba," akasema. "Mpaka leo hajafaulu." Ndipo nikamsimulia yote, tenga, kabati, kibembea, sukari guru, na alipofika kuelewa akauliza lile duka liko upande gani wa mji. Nikamwonyesha.

Akamfunga mwana hiti mgongoni kama mtoto, akajifunga kanga juu yake, na tukapanda njia ya nyumba ya Bibi, polepole kwa ajili ya kifua. Watu walikuwa wangali wengi nyumbani. Walipomwona anakuja moja kwa moja kwenye mlango wakampisha mmoja mmoja. Alisimama kizingitini, pale pale alipokuwa amekaa. Nikaona mguu wake unasita, na mimi sikumsukuma. Kisha akavuka. Akaenda mpaka katikati ya chumba cha mbele, mahali kilipokuwa kile kitanda, akajilaza chini kwenye mkeka kwa ubavu, mwanamke mzima, mbele ya wajukuu, akaunyoosha mkono wa kushoto mlangoni.

"Njooni mlale hapa," akasema. "Njooni muone alichokuwa anaonyesha."

Alianza mjane wa mjomba, akainama kwa shida kando yake. Kisha mama yangu, ambaye hatembei bila fimbo. Kisha mimi. Kutoka pale chini, kizingiti kikiwa hakina mtu, unauona mteremko, migomba ya jirani, na baada ya migomba mabati ya mji wote yanang'aa, na mtu anayejua anaweza kulikisia soko na mitaa ya nyuma yake. Mama yangu alitazama kwa muda mrefu. Akajikalisha, akamshika mdogo wake kiganja, akasema, "Zaina, macho yetu yaliishia kwako." Mama mdogo akamfungua mwana hiti mgongoni, akamlaza kwenye mapaja ya mama yangu, akajiinua, akaegemeza mgongo wake ukutani, ndani, kwenye upande wa chumba changu cha zamani. Akafungua pindo la kanga, akatoa karanga zake za kuchemsha, akawagawia watoto wote mpaka zikaisha. Kisha akauliza kama kuna kiporo cha pilau. Kilikuwepo. Alikula kwa mkono, bila haraka, watu wote wakimtazama, na alipomaliza akasukuma sahani mbele akaomba aongezewe.